Ushahidi wa Rafiki na Ushahidi wa Adui



Baadhi ya ndugu wa darasa wametutaka tuandike juu ya suala lililotufarikisha hapa Migori tangu mwezi wa Septemba 2022, nalo ni hili: Mtu ambaye mgombea wake ameshindwa, na moyo wake ungali na uchungu, je, yampasa kuvihukumu kwa uadilifu vitendo vya yule aliyeshinda? Na aliyeshinda, je, ana ruhusa ya kuliita jema kila litokalo mkononi mwa kiongozi wake? Mwenye kuyasoma haya amekaa kwa utulivu atayaona mepesi. Siku zile hayakuwa mepesi.

Msomaji ayakumbuke mambo yalivyokuwa. Tarehe 15 Agosti 2022 mwenyekiti wa tume ya uchaguzi alimtangaza William Ruto kuwa amepata kura 7,176,141, na Raila Odinga kura 6,942,930. Na makamishna wanne wa tume ile ile wakayakana matokeo hayo. Tarehe 5 Septemba Mahakama ya Juu, majaji wake wote saba kwa kauli moja, ikayathibitisha. Tarehe 13 Septemba Rais mpya akaapishwa katika uwanja wa Kasarani, na Raila hakuhudhuria. Homa Bay na sehemu kubwa ya Migori siku ile ilikuwa kama siku ya tanga. Lakini Kuria, ambayo nayo ni katika kaunti yetu hii hii, na ambako wabunge wa chama cha UDA walichaguliwa, watu walifurahi.

Siku ile ile ya kiapo Rais alitangaza kwamba mfuko wa mbolea wa kilo 50, uliokuwa ukiuzwa kwa shilingi 6,500, utauzwa shilingi 3,500. Akaamrisha shughuli za kutoa mizigo zirudishwe bandarini Mombasa. Akawateua majaji sita ambao Tume ya Huduma za Mahakama iliwapendekeza tangu mwaka 2019, na ambao Rais aliyemtangulia aliwaacha alipowateua wenzao mwaka 2021. Kisha usiku wa siku ya pili ruzuku ya petroli ikaondolewa, na bei yake Nairobi ikapanda kutoka shilingi 159.12 kwa lita hadi shilingi 179.30, na mafuta ya taa nayo yakapanda shilingi 20 kwa lita.

Basi tazama: katika siku mbili pana nafuu kwa mkulima, na uzito kwa maskini, na haki iliyocheleweshwa ikatolewa. Mtu mwadilifu angelitenga kila jambo na mizani yake. Lakini sisi hatukufanya hivyo.

Katika darasa letu baada ya sala ya isha alikuwapo ndugu mmoja mkulima wa mahindi, mtu wa upande wa Awendo. Aliposikia habari ya mbolea alisema kwamba ni bora mahindi yake yageuke manjano shambani kuliko kuyatilia mbolea ya mtu yule. Akasema tena kwamba wale majaji sita wamelipwa ujira wao, wala hakueleza ni ujira wa kazi gani. Na alikuwapo ndugu mwingine, mwenye duka, mzaliwa wa Kuria. Huyu mwezi uliotangulia alikuwa akiilaani Serikali kwa bei ya mafuta; usiku ule akasema kwamba kupandisha bei ni ushujaa, na kwamba asiyeweza kununua mafuta ya taa na alale gizani mapema apate kuamkia alfajiri. Watu wakacheka. Nami nilicheka pamoja nao, na hilo nitalirudia.

Katika hadithi sahihi kuna kisa cha Abdullah bin Salam, mwanachuoni wa Mayahudi wa Madina. Aliposilimu alimwomba Mtume (S.A.W.) awaulize jamaa zake juu yake kabla hawajaijua habari ya kusilimu kwake. Akajificha, nao walipoulizwa wakamsifu kwa wema na elimu, yeye na baba yake. Hapo akatoka, akatamka shahada mbele yao, nao papo hapo wakamtaja kuwa ni mwovu wao na mwana wa mwovu wao. Mtu ni yule yule, na elimu yake haikupungua hata herufi moja baina ya kauli mbili zile. Wala kisa hiki hakikuhifadhiwa ili tuwacheke watu wale. Kimehifadhiwa kwa sababu tabia ile ni ya wanadamu wote, na sisi tumo.

Kwani Ruto huyu alikuwa nani katika nyumba za Homa Bay mwaka 2007? Alikuwa miongoni mwa vigogo wa ODM, akisimama jukwaa moja na Raila, na watu wakimwimba. Na Uhuru Kenyatta alikuwa nani hapa mwaka 2017? Jina lake halikutajwa ila kwa hasira. Kisha tarehe 9 Machi 2018 wakubwa wawili wakapeana mikono, na wale wale waliomlaani wakawa wakimtetea. Tarehe 1 Juni 2025 sikukuu ya Madaraka iliadhimishwa Homa Bay, katika uwanja wenye jina la Raila Odinga, na Rais aliyesusiwa mwaka 2022 akapokewa kwa vigelegele. Sisemi kwamba watu walikosea kumpokea. Nauliza tu: ni kitendo gani kilichopimwa hata hukumu ikageuka? Sikuona mizani iliyotolewa. Niliona kwamba wakubwa walitia saini makubaliano tarehe 7 Machi mwaka ule, na ndimi zikafuata.

Sasa tuingie katika suala lenyewe. Mafakihi wetu wa madhehebu ya Shafii wamesema kwamba ushahidi wa adui dhidi ya adui yake haukubaliwi, na ushahidi wa baba kwa manufaa ya mwanawe haukubaliwi, kwa kuwa wote wawili wana tuhuma. Mtu wa chama, basi, ana tuhuma mbili kwa pamoja: kwa aliye wake ni kama baba, na kwa asiye wake ni adui. Mwenye pupa atasema kwamba yampasa anyamaze kabisa. Lakini hao hao mafakihi wameukubali ushahidi wa adui akimshuhudilia adui yake jema, na wa baba akimshuhudilia mwanawe deni. Nguvu ya maneno yao imo katika kwenda kinyume cha matamanio yao. Kwa kipimo hiki, siku ile ya mbolea, shahidi aliyehitajiwa hakuwa yule mwenye duka, angaliapa mara ngapi. Alikuwa ni mkulima wa Awendo. Na siku ya mafuta ya taa hatukuhitaji kumsikia mkulima. Mwenye duka ndiye ambaye neno lake lingelikuwa na uzito. Kila mmoja alilishika lile neno lisilofaa kwake, akaliacha lile ambalo ni yeye peke yake angeliweza kulitoa.

Nduguye yule mkulima alinijibu jibu zito. Alisema: Uadilifu ni mzigo wa aliyeshiba, mwenye kuamini kwamba amedhulumiwa usimtake aanze kwa kumsifu mwenye kumdhulumu. Jibu hili halifai kudharauliwa, kwani watu wetu wana historia, na hawakuianza mwaka 2022. Lakini tazama Sura ya Al-Maida. Katika aya ya 2 wanatajwa watu waliowazuia Waislamu wasiufikie Msikiti Mtakatifu, nayo ni dhulma iliyo wazi, isiyohitaji mahakama. Na pamoja na hayo Waislamu wanakatazwa kuifanya chuki yao njia ya kuvuka mpaka. Kisha aya ya 8 inarejea maana hiyo na kuamrisha uadilifu. Basi amri ilishuka kwa waliodhulumiwa khasa. Wala haikuwataka waisahau dhulma; mtu aweza kusema, “Nasadiki kwamba kura yangu iliibwa, na mbolea hii ni nafuu,” na sentensi ile isimpasue kinywa.

Na kwa walioshinda kuna khutba ya Sayyidna Abubakar siku alipopewa ukhalifa. Aliwataka watu wamsaidie akitenda mema, na wamnyoshe akipotoka, naye akasema kwamba yeye si mbora wao. Hakuwagawa watu mafungu mawili, fungu la kusaidia na fungu la kunyosha. Kazi zote mbili aliwapa watu wale wale. Sisi tumezigawa, na msikitini tumezigawa zaidi: nimeona msikiti ambamo dua ya mgombea ilisomwa baada ya zulia kuletwa, na mwezi wa pili zulia la mgombea mwingine likatandikwa juu yake.

Narudi kwenye kicheko changu. Mimi ndiye niliyekuwa nimekalia kiti cha kusomesha usiku ule, na kitabu kilikuwa wazi mbele yangu. Lau ningelisema neno moja kwa mkulima na neno moja kwa mwenye duka, pengine lisingelifika lilikofika. Maandamano ya Jumatatu yalipoanza Machi 2023, mwenye duka alifunga duka lake kwa khofu, na akaamini kwamba mkulima ndiye aliyewaelekeza vijana mlangoni kwake. Ramadhani ile hawakusimama safu moja. Makubaliano ya Machi 2025 yakapita; Raila mwenyewe akafariki dunia tarehe 15 Oktoba 2025; na watu hawa wawili, ambao wakubwa wao walikwisha kula meza moja, hawajasalimiana mpaka leo.

Wote wawili husoma kurasa hizi. Ijumaa ijayo baada ya sala, inshallah, nitakwenda kwa mwenye duka kwanza, kwani ni karibu, kisha nitapanda gari la Awendo.