Nani Anapanda Hii Boti?

Fundi anakwambia, "Nimebadilisha." Unalipa, unasema asante, unabeba kitu chako. Lakini kama wewe ni kama watu wengi ninaowajua, hapo katikati, wakati unaandika namba ya siri ya M-Pesa, kuna kasauti kanakuuliza: nitajuaje?

Mara nyingi hutajua. Kilichobadilishwa kiko ndani, kava limeshafungwa, na pengine hata jina lake hulijui. Ndiyo maana swali hili naliona la maadili kuliko la ufundi. Fundi ana deni gani kwa mtu ambaye hawezi kumkagua? Na kuna la pili, ambalo wateja hatulipendi sana: huyo mtu asiyeweza kukagua, yeye ana deni gani kwa fundi?

Ningeweza kutumia mfano wa gari, lakini gari huharibu mjadala. Likizima pale Juja unalisukuma kando ya barabara, unakaa kwa boneti, unalalamika. Boti haina kando.

Mjomba wangu alistaafu kutoka kiwanda kimoja cha hapa Thika. Wenzake walinunua ploti, mmoja akanunua matatu, yeye akanunua boti. Si ya kuvua samaki, si ya biashara. Ni ya kukaa ndani na wajukuu Jumapili mchana. Watu walicheka, maana kutoka Thika hadi baharini ni safari ya usiku mzima kwa basi. Lakini walisahau jiografia. Mto Chania unaungana na mto Thika hapa hapa mjini, na maji hayo hayo yanayopita Blue Posts yanateremka mashariki hadi bwawa la Masinga, lililokamilika mwaka 1981, kubwa kuliko mengine yote kwenye ule mfululizo wa mto Tana. Unafuata barabara ya Garissa, unapita Matuu, hatimaye unaona maji hadi macho yanachoka. Kuna viboko na kuna mamba. Mjomba akanunua boti ya faiba ya mtumba, na injini ya Yamaha ya nguvu za farasi 15 ya kufunga nyuma, ile ya kuchanganyiwa oili na petroli, 50 kwa 1.

Injini kama hii inataka sevisi kila ikifikisha saa mia hivi, au angalau mara moja kwa mwaka. Mimi niliacha chuo na sasa naandika makala nikiwa nyumbani, kwa hivyo kwenye ukoo wetu mimi ndiye "yule ambaye hana kazi", na kila kazi isiyo na mwenyewe huja kwangu. Nikaambiwa: tafuta fundi. Awe mzuri, awe bei nafuu.

Sasa, kama kuna mahali unategemea kupata fundi wa kitu chochote, ni Eneo la Viwanda la Thika. Hapa kuna Kenya Vehicle Manufacturers, ambayo zamani ilikuwa Leyland Kenya, na malori yameunganishwa hapo tangu kabla hatujazaliwa. Kuna watu wa kuchonga vyuma, watu wa kusuka upya waya za mota, watu wa kuchomelea chochote unachoweza kubeba. Mtu wa injini za boti hakuna. Ukiuliza, watu wanakuangalia kama umeuliza sevisi ya ngamia. Mafundi wanaozijua vizuri wako Mombasa, Mtwapa, Kisumu, huko kwenye boti nyingi. Hapa unabaki na kubahatisha.

Gereji ya kwanza iliyokubali kazi ilitaka elfu tano za ufundi. Mjomba, ambaye amefanya mapatano maisha yake yote, akashusha hadi elfu moja mia nane. Wakatuandikia risiti: impela mpya, oili ya gia, plagi mbili. Kisha wakaiwasha pale pale juu ya stendi, kavu, ikanguruma mtaa mzima ukasikia. Mjomba akatabasamu. Injini inayonguruma inaonekana imepona.

Hapa lazima nieleze impela, kwa sababu kesi yote iko ndani yake. Ni kigurudumu kidogo cha mpira, unaweza kukifumbata mkononi, chenye mabawa sita. Kazi yake ni kuvuta maji ya ziwa na kuyapandisha juu yapoze injini. Ndiyo maana ukiona boti inatembea, kuna kamkondo ka maji kanatoka nyuma, kama inakojoa. Kakipotea, zima mara moja. Masinga ni mbaya kwa mpira huo, maana bwawa limejaa udongo unaosombwa na mito kutoka mashamba ya juu, na maji yenye udongo hula impela kama msasa. Kuwasha kavu nako huiua, kwa sababu ni yale maji yanayoilainisha inapozunguka. Na huwezi kuiona mpaka ufungue boliti na kuteremsha sehemu yote ya chini ya injini. Yaani ukitaka kudanganya, hapo ndipo mahali pazuri pa kudanganya.

Jumapili ya pili baada ya sevisi hiyo, injini ilichemka na kuzima katikati ya bwawa. Ndani kulikuwa na watu sita, watatu wao watoto. Upepo wa saa tisa ulikuwa unasukuma kuelekea upande ambao wenyeji hawaendi, kwa sababu ya viboko. Mjomba alikuwa na kasia moja. Mvuvi na kijana wake, waliokuwa wakipiga makasia kwenye mtumbwi usio na injini yoyote, walifunga kamba na kuwavuta kwa karibu saa mbili.

Aliyefungua injini hiyo baadaye ni fundi wa pampu kule Makongeni, mzee ambaye maisha yake ni pampu za kunyunyizia mashamba. Hakujifanya bingwa wa boti. Alisema, "Hii ni pampu tu, imeshikwa na injini inayoogelea." Alipoteremsha sehemu ya chini, impela ilikuwa ya zamani, ngumu kama kwato, mabawa mawili hayapo. Oili ya gia ilitoka na rangi ya chai ya maziwa, maana yake maji yameingia. Nyuma ya propela kulikuwa na uzi wa nyavu uliojizungusha hadi ukakata sili. Hakuna kilichokuwa kimebadilishwa isipokuwa plagi, ambazo ndizo zinaonekana kwa nje.

Plato, kwenye kitabu cha pili cha *Jamhuri*, anamweka Glaucon asimulie habari za Gyges, mchungaji wa Lydia aliyepata pete ya kumfanya asionekane. Swali la Glaucon ni rahisi na linaudhi: mwenye pete kama hiyo ana sababu gani ya kutenda haki? Watu husoma hadithi hiyo kama mambo ya ajabu, lakini kila fundi ana pete hiyo mfukoni. Inaitwa kava. Likishafungwa, yeye haonekani tena. Halafu sisi, tunaomkabidhi pete, tunashangaa kwamba wengine wanaivaa.

Ningeishia hapo kama ningetaka tu kuwasema vibaya mafundi. Lakini kuna mwanauchumi, George Akerlof, aliyeandika mwaka 1970 kuhusu soko la magari ya mtumba. Marekani gari bovu huitwa limau. Hoja yake ni hii: kama mnunuzi hawezi kutofautisha limau na gari zuri, atatoa bei ya katikati kwa yote. Mwenye gari zuri anaona bei hiyo ni hasara, anaondoka sokoni. Wanabaki malimau. Majarida matatu yalikataa makala hiyo kabla ya kuchapishwa, na mwaka 2001 ikamsaidia kupata Nobel, pamoja na Michael Spence na Joseph Stiglitz. (Huyo Stiglitz, mwaka 1969, alikuwa Nairobi akifanya utafiti chuo kikuu. Sijui kama aliwahi kupeleka gari lake Grogan, lakini ingeeleza mengi.)

Weka "fundi" pale Akerlof alipoweka gari. Elfu moja mia nane ni bei ya nini? Kuteremsha sehemu ya chini, kubadilisha impela, kuangalia sili, kumwaga na kujaza oili, kuijaribu ndani ya pipa la maji: hiyo ni nusu siku ya mtu anayejua anachofanya. Mteja amelipa pesa ya kazi ya dakika ishirini na anadai kazi ya nusu siku. Fundi mwaminifu akikubali bei hiyo, analala njaa. Asiye mwaminifu anaikubali bila shida, kwa sababu hana nia ya kuifanya.

Na hili liko kila mahali mjini kwetu. Tuko radhi kulipia spea, kwa sababu spea unaishika. Kujua hatutaki kukulipia. Ukienda kwa daktari, unalipa pesa ya kumuona hata kama atakwambia huna ugonjwa wowote. Fundi akikwambia "nimeangalia, iko sawa, nipe elfu", unamuona mwizi. Ameangalia tu! Basi fundi anajifunza haraka kwamba njia pekee ya kulipwa kwa kile anachojua ni kukuuzia kitu ambacho huhitaji, au kukuandikia kitu ambacho hakuweka. Uongo wa risiti mara nyingi ni bili ya maarifa, imeandikwa kwa jina lingine.

Yule mzee wa Makongeni anatoza pesa ya kuangalia. Elfu moja, kabla ya kugusa boliti, na hairudishwi. Nilikaa pale asubuhi moja, wateja watatu wakaja, wawili wakaondoka waliposikia. Mmoja alimwambia, "Mzee, kwani wewe ni hospitali?" Hakujibu. Alipoona impela haina mabawa mawili, hakuagiza nyingine Mombasa akamaliza. Alianza kutafuta yale mabawa. Vipande vya mpira vinapokatika hupanda na maji na kukwama kwenye njia za ndani, na ukiweka impela mpya bila kuvitoa, injini itachemka tena. Alipata kimoja haraka. Cha pili kilimchukua zaidi ya saa nzima, na hakuna mtu ambaye angejua kama angeacha.

Mwisho alitupa mfuko wenye vipuri vyote vya zamani. Ni desturi nzuri, na wengi watakushauri umdai kila fundi mfuko kama huo. Lakini tusijidanganye. Impela kuukuu zinafanana. Mtu anaweza kuwa na ndoo nzima ya impela kuukuu chini ya meza, anampa kila mteja moja. Risiti, mfuko, picha za WhatsApp, hivyo vyote vinasogeza shaka hatua moja nyuma, haviimalizi. Mwanafalsafa Annette Baier aliandika mwaka 1986 kwamba kumwamini mtu ni kukubali kwamba anaweza kukuumiza, huku ukitegemea kwamba hatafanya hivyo. Nakubaliana naye. Uthibitisho ungekuwa kamili, kuamini kusingekuwa na kazi.

Kilichonifanya mimi nimwamini ni swali alilouliza kabla hata ya kutaja bei: "Nani anapanda hii boti?" Nikamwambia, mjomba na wajukuu wake. Akauliza wana miaka mingapi.

Gereji ya kwanza haikuuliza hivyo, na kusema kweli hata mapatano yale hayakuwa na nafasi ya swali hilo. Yalikuwa ya watu wawili, mwenye injini na mwenye spana, kila mmoja akivuta kwake. Mjomba aliokoa elfu tatu mia mbili. Gereji ikaokoa bei ya impela. Wote wawili walitoka na faida, na faida hiyo ikalipwa na mtoto wa miaka sita aliyekaa saa mbili kwenye boti iliyozima akiuliza kama viboko wanakula watu. Hapa ndipo ninapoona udhaifu wa ile hoja ya "bei ya chini huzaa uongo". Inaeleza kwa nini fundi anadanganya, na inamfanya mteja naye ashike sehemu yake ya lawama. Lakini haimpi fundi ruhusa. Mteja mbahili unaweza kumkatalia kazi. Unaweza kumwambia kwa elfu moja mia nane nakubadilishia plagi tu, impela sijagusa, usiende mbali. Huo ungekuwa ukweli, na ungetosha. Ukimwandikia impela mpya, hujamlipizia yeye, umemwongopea yule aliye kwenye kiti cha mbele ambaye hakupatana na mtu.

Kitu ambacho bado sina jibu lake ni wale wavuvi. Wakinunua siku moja injini kama ya mjomba, itakuwa ya kazi, itatembea kila usiku, na saa mia zitaisha ndani ya wiki chache. Elfu moja ya kuangalia tu, kabla ya spea, kabla ya nauli ya kuileta injini Thika, wataitoa wapi? Nilimuuliza mzee. Alisema wavuvi wakija atawafundisha kufungua wenyewe. Nikamuuliza kama atawatoza kwa kuwafundisha. Alifikiri kidogo, akasema hiyo ndiyo inafaa kuwa ghali zaidi.

Impela mpya ilikuja na basi la usiku kutoka Mombasa. Injini ilijaribiwa ndani ya pipa, ikakojoa vizuri. Mwezi wa nane itakuwa imefikisha saa mia nyingine, na mjomba ameshaanza kuniuliza kama ile elfu moja ya kuangalia haiwezi kuwa mia saba.