Jino na Miaka Yake

Kazi nyingi za tabibu wa meno hujulikana matokeo yake kabla mgonjwa hajainuka kitini. Jino bovu likiisha kung'olewa, limeng'oka. Jino la kupandikiza si hivyo. Ufizi hupasuliwa, na mfupa wa taya hutobolewa polepole huku ukipozwa kwa maji, maana joto la keekee huua mfupa. Kisha msumari wa titani wenye hesi hukazwa ndani. Kwa desturi ya kwanza mfupa huachwa miezi mitatu hata sita uushike msumari, ndipo jino livikwe juu yake. Hata hapo wema wa kazi haujajulikana bado.

Mswidi Per-Ingvar Brånemark aligundua mwaka 1952, katika mifupa ya sungura, kwamba titani na mfupa hushikana. Mwaka 1965 alimpandikizia Gösta Larsson, mtu aliyezaliwa na kasoro ya taya. Larsson alikufa mwaka 2006, na misumari ile ilikuwa ingali ikifanya kazi. Sifa hiyo ni ya haki. Lakini imejulikana kwa sababu Larsson hakupotea machoni pa matabibu.

Kutoka huko hadi Morogoro Mjini ni mbali, na si kwa maili tu. Na afikiriwe mama wa Kiluguru ateremkaye kutoka Mgeta na mboga zake kuja sokoni. Meno ya mbele yamemtoka, naye huziba kinywa kwa kanga akicheka na wateja. Ana akiba, ataka meno yasiyovuliwa usiku. Aambiwe nini? Akiambiwa kwamba baada ya miaka kumi zaidi ya misumari tisa katika kila kumi huwa ingalipo, ameambiwa kweli ya hesabu. Lakini hesabu hiyo hutokana na watu waliorudi kutazamwa. Asiyerudi huenda ndiye aliyevimba ufizi, akatoka usaha, mfupa ukaliwa kidogo kidogo pasipo maumivu makali. Hasa akiwa mvuta tumbaku, au mwenye kisukari kisichotulizwa. Kimya cha mgonjwa wa mlimani si ushahidi wa kupona. Pengine ni ushahidi wa nauli.

Wako watakaosema, basi na anyimwe. Neno hilo lina sura ya huruma na moyo wa dharau, kana kwamba umbali wa Mgeta ni kosa lake. Haki yake ni kuchagua akijua: meno ya bandia ya kuvaa na kuvua, au pengo lenyewe, au msumari pamoja na gharama ya kurudi miaka yote, ikitajwa siku ile ile inapotajwa gharama ya upasuaji.

Tabibu naye ajifunge. Aandike namba ya simu ya mama na ya jirani yake, na miezi ikipita bila mama kuonekana, apige yeye. Mvua ikifunga njia, mwuguzi wa zahanati ya karibu aombwe amtazame. Kioo kidogo na mwanga vyatosha kuona ufizi unaotoka damu.