Mgeni wa Saa Moja

Januari 2010, siku tatu baada ya tetemeko kuibomoa Port-au-Prince, meli ya kitalii ya Royal Caribbean ilifika Labadee, kaskazini mwa Haiti. Abiria walishuka kuogelea na kula ufukweni, ndani ya uzio unaolindwa. Wengine walibaki melini. Chakula kisingepita kooni.

Nani alifanya sawa? Kampuni ilijibu kwamba mamia ya Wahaiti hupata riziki yao Labadee, tena meli ilishusha misaada. Hoja hiyo ina uzito. Aliyebaki melini hakumshibisha mtu yeyote kwa kujinyima kwake.

Lakini mimi wa Kingerikiti, ninayeteremka milima ya kahawa kwenda kupanda meli Mbamba Bay, kinachonisumbua ni uzio, si chakula. Meli yetu ikisimama Liuli au Manda, muuza usipa hunitazama usoni. Hutaja bei yake, na nikitaka kumpunja hufunika beseni lake akaondoka. Nimekaa kwake saa moja tu, ila nimekaa kwake.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Anayelitoa jembe ni mwenyeji. Labadee wenyeji huingia kwa kibali, kama wageni kwao wenyewe. Hawana mlango wa kumkaribishia mtu wala wa kumfungia.

Basi kuogelea karibu na msiba si lazima kuwe dhambi. Swali ni hili: je, mwenye pwani angeweza kukuambia, "Leo hapana, tunazika"?