Bei ya Wafanyakazi

Mwaka 2009 Uingereza ilitoa sarafu ya peni 50 yenye mnara wa bustani ya Kew. Zilizoingizwa kwenye mzunguko zilikuwa 210,000 tu, na leo wakusanyaji huzinunua kwa bei inayozidi thamani yake mara nyingi. Sasa mfikirie muuzaji wa duka la sarafu za aina hiyo, mwenye punguzo la wafanyakazi. Akinunua moja, akaiuza baadaye, mimi sioni kosa. Mali ni yake. Lakini akinusa mapema kwamba toleo linakaribia kwisha, akazoa boksi zima chini ya kaunta huku mteja akiambiwa “zimeisha”, hapo amewaruka waliopanga foleni. Punguzo alipewa kama shukrani, si mtaji. Na bosi asiyeweka kikomo, naye ana la kujibu.