Fimbo ya Mzazi na Fimbo ya Mchungaji

Soma Mithali 13:24, Zaburi 23:4, 1 Samweli 3:13 na Wakolosai 3:21. Je, mzazi anayepunguza ukali wake anamtii Mungu au anamwasi?

Mchelea mwana kulia hulia yeye. Wengi wetu tumelelewa chini ya methali hiyo, nayo ina ukweli. Eli aliwaonya wanawe kwa maneno, lakini hakuwazuia, na taifa zima likaumia. Kwa hiyo mzazi anayeanza kujiuliza kama viboko na makaripio yake vinamjenga mtoto huingiwa na hofu: nikilegeza kamba, si nitakuwa Eli mwingine? Hofu hiyo tusiipuuze.

Lakini tuliangalie neno lenyewe. Neno la Kiebrania lililotafsiriwa "fimbo" katika Mithali 13:24 ndilo lililotumika katika Zaburi 23:4, ambako fimbo ya Bwana inamfariji Daudi. Mchungaji huitumia kumfukuza mnyama mkali na kumwelekeza kondoo. Ni kweli kwamba Mithali 23:13, 14 inazungumza waziwazi juu ya kupiga, wala hatuwezi kulifuta fungu hilo. Hata hivyo, fungu hilo hilo linataja kusudi: kuiokoa nafsi ya mtoto. Adhabu inayotolewa ili mzazi atulize hasira yake, au alinde heshima yake mbele ya majirani, haiwezi kujificha nyuma ya fungu hilo.

Paulo aliwaandikia watu walioishi chini ya sheria ya Kirumi, iliyompa baba mamlaka makubwa mno juu ya watoto wake. Baba huyo ndiye Injili iliyemwekea mpaka. Wakolosai 3:21 inataja hatari ambayo mzazi haioni kwa urahisi: mtoto kukata tamaa. Mtoto aliyekata tamaa anaweza kuwa mtulivu sana. Anaamkia wazee, anakaa kimya kanisani, anakariri fungu lake. Moyoni amejifunza jambo moja tu: asionekane anapokosea.

Soma Mwanzo 3:8-10, 21. Hofu ilimfanya Adamu ajifiche. Mungu hakuiacha dhambi bila matokeo. Adamu na Hawa walitoka bustanini. Lakini kabla ya hukumu aliwatafuta, akawauliza, akawasikiliza. Na kabla ya kuwatoa aliwavika mavazi. Uthabiti na upole vilikaa pamoja.

Katika kitabu chake kuhusu elimu, kilichochapishwa mwaka 1903, Ellen G. White alifundisha kwamba lengo la nidhamu ni kumzoeza mtoto kujitawala mwenyewe. Tukilikubali hilo, kipimo chetu kinabadilika. Hatuulizi tena kama mtoto anatii tukiwapo, bali atafanya nini tusipokuwapo. Akienda shule ya bweni, au mjini kutafuta kazi, fimbo haisafiri naye. Kinachosafiri ni dhamiri.

Kufikiri upya juu ya ukali si kuondoa kanuni nyumbani. Kijana aliyetumia fedha za ada kwa mambo yake na kudanganya, ni lazima awajibike. Mzazi asubiri kwanza hasira ipoe, amsikilize, kisha waelewane jinsi atakavyozilipa kwa kazi, hata kama itachukua miezi. Njia hii humgharimu mzazi muda na subira kuliko kiboko cha dakika mbili. Ndiyo maana Kumbukumbu la Torati 6:6, 7 huanza na moyo wa mzazi mwenyewe, ndipo hutaja kufundisha wakati wa kuketi, kutembea, kulala na kuondoka.

Na pale mzazi alipopita kiasi, aseme, "Nisamehe, mwanangu." Wengine huona kwamba neno hilo litamshusha cheo. Lakini mtoto atajifunza wapi kutubu, ikiwa hajawahi kumwona mtu mzima akitubu?

Tafakari: Mtoto wako anapokosea, hukukimbilia au hukukimbia? Jibu lake linakueleza nini kuhusu picha ya Mungu anayoipata nyumbani mwako?

Kwa majadiliano: Tunawezaje, kama kanisa, kumsaidia mzazi anayebadili njia yake ya malezi huku ndugu na majirani wakimwambia kwamba anamharibu mtoto?