Punje 24 za Mahindi
Hapa Kitale na Bungoma, mahindi yanapukuchuliwa, Desemba imeingia, na mtoto mdogo anauliza kila asubuhi: Krismasi ni kesho?

Kalenda ya Majilio ya dukani, ya kuhesabu siku hadi Krismasi kwa vidirisha vya chokoleti, ni tamu, ila mtoto hutaka kuvifungua vyote siku moja. Katika karne ya 19, familia za Kilutheri Ujerumani zilichora mistari 24 ya chaki mlangoni, watoto wakafuta mmoja kila siku. Sisi tuna mahindi. Mpe mtoto punje 24 kikombeni. Kila jioni, baada ya sala, ahamishe moja bakulini, kisha mfanye jema moja: nyanya aliye Webuye apigiwe simu, jirani apelekewe maziwa.

Jana binti yangu aliishika punje yake hadi ikapata joto, ndipo akaidondosha. Tukahesabu zilizobaki: 21.