Kope la Juu la Jicho: Baina ya Haja na Matamanio

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyempa mwanadamu macho ya kuonea na akili ya kupimia. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), Aali zake na Sahaba zake.

Ama baada ya hayo, miongoni mwa masuala yanayoletwa na jamaa zetu walioko ughaibuni ni suala la kupasuliwa kope la juu la jicho. Hili la safari hii limetoka Macquarie Fields, kitongoji kilichoko kusini-magharibi ya mji wa Sydney, upande wa Campbelltown. Muulizaji ni mama aliyevuka miaka hamsini, ambaye kope zake zimelala hata kusoma Msahafu kunamchosha. Binti yake, ambaye hana ila yoyote, naye anataka kupasuliwa kama mama yake ili macho yaonekane makubwa katika picha za harusi. Je, hukumu yao ni moja?

Maulamaa wametufundisha kwamba jambo halihukumiwi mpaka kwanza lisawirike akilini, kwa hivyo tuanze na kuelewa linalofanywa. Kope tunalolikusudia hapa ni ile ngozi inayoshuka na kulifunika jicho mtu anapopepesa, si nywele zake. Ngozi hii ni nyembamba kuliko ngozi nyingine ya mwili. Miaka inapopita hulegea, na mafuta yaliyoko nyuma yake husogea mbele, mpaka kwa baadhi ya watu ikatanda juu ya nywele za kope na kuziba mwanga wa juu na wa pembeni. Mwenye hali hiyo hunyanyua nyusi mchana kutwa bila ya kujijua, na jioni paji la uso humuuma. Daktari hukata ukanda wa ngozi kwenye mkunjo wake wa asili, mara nyingine huondoa na mafuta kidogo, kisha hushona. Aghlabu hutiwa ganzi mahali pale tu, na nyuzi hutolewa baada ya kiasi cha wiki moja. Hali hii isichanganywe na ile ambayo msuli unaoliinua kope ndio dhaifu, kwani hiyo ina operesheni yake, na mtoto anayezaliwa nayo jicho lake huenda likapumbaa, lisijifunze kuona, ikiwa limeachwa limefunikwa. Kwa mtoto kama huyo sioni hata pa kuuliza.

Watu hudhani kwamba haya ni mambo ya jana. Abul-Qasim az-Zahrawi, tabibu mashuhuri wa Andalusia, aliyefariki mwanzoni mwa karne ya 11, ameeleza katika kitabu chake At-Tasrif namna ya kukata kipande cha ngozi ya kope la juu kwa ajili ya nywele zinazoota kwa ndani na kulikwaruza jicho. Wazee wetu wa Oman na wa Afrika Mashariki waliyajua maradhi hayo, ambayo Tanzania huitwa vikope na madaktari huyaita trakoma. Yamewapofua watu wasio na idadi, na Oman ikawa nchi ya kwanza kuthibitishwa na Shirika la Afya Duniani, mwaka 2012, kuwa imeyaondosha yasiwe tatizo la afya ya umma. Huko Kongwa, mkoa wa Dodoma, kope za juu za mabibi zimepasuliwa kwa sababu hii kwa miaka mingi, wala sijapata kumsikia sheikh aliyesema kwamba wamebadilisha maumbile.

Basi uharamu haumo katika kisu wala katika kope. Umo katika makusudio. Katika Suratin-Nisaa, aya ya 119, imeelezwa kuwa Shetani aliapa kuwaamrisha watu wabadilishe alivyoumba Mwenyezi Mungu. Na katika Hadithi iliyopokewa kwa Abdallah bin Masud wamelaaniwa wenye kuchanja chale za rangi, wenye kunyonyoa nyuso na wenye kuchonga meno yao yaachane, na laana hiyo ikafungamanishwa na kuutafuta uzuri. Maneno hayo ya mwisho ndiyo mhimili wa mas-ala yetu, kwa sababu mwenye kuchonga jino kwa maradhi hayumo. Na Arfaja bin As-ad, ambaye pua yake ilikatika vitani zama za Ujahilia, alitia pua ya fedha ikamnukia vibaya, na Mtume (S.A.W.) akamwamrisha atie ya dhahabu, ilhali dhahabu kwa wanaume ni haramu. Juu ya misingi hii ndipo Majmaa ya Kimataifa ya Fiqhi ya Kiislamu ilipopitisha azimio lake katika kikao cha Putrajaya, Malaysia, mwaka 2007: kwamba kurejesha umbo la asili, kurekebisha kasoro na kuondosha dhara kunajuzu, na kubadilisha sura ya mtu aliye mzima kwa kufuata matamanio na kuiga wengine hakujuzu.

Huenda mtu akasema: ngozi iliyolegea ni uzee, na uzee ni katika maumbile, kwa nini uondoshwe? Jawabu ni kwamba mtoto wa jicho pia aghlabu huja na uzee, na hapana aliyekataza kuutibu. Umri si kipimo. Kipimo ni dhara. Mwingine atasema: mbona hina na wanja vimeruhusiwa, navyo ni uzuri? Hina hufifia na wanja huoshwa, na mwili ukabaki kama ulivyokuwa. Ama ngozi iliyokatwa hairudi.

Kwa mama muulizaji, ikiwa kope zinamzuilia kuona, ajitibu bila ya wasiwasi, na akitoka hapo na uso uliochangamka, hiyo ni neema iliyofuata nyuma ya haja na haiharibu nia yake. Kwa binti, jicho lake ni zima, na anachokitafuta ni jicho la mtu mwingine. Huyo hatumpi rukhsa. Mwenye umbile lililotoka nje ya ada ya watu, mpaka anaona haya kukaa mbele za watu, huyo ana hukumu ya mwenye kasoro. Lakini niliyekaa miaka mingi katika kiti cha hukumu najua jinsi watu walivyo wepesi wa kuyaita matamanio yao kuwa ni haja, na huwa hawasemi uongo kwa kadhi kabla ya kujisemea wenyewe.

Hapa pana jambo la Australia ambalo limenivutia, na ambalo ndani yake mna mtihani mkubwa kuliko hilo la kisu. Medicare, mfuko wa serikali wa matibabu, huchangia gharama za operesheni hii pale ngozi iliyozidi inapopunguza upana wa kuona, na hilo lithibitishwe na mpima macho au daktari bingwa wa macho, pamoja na picha, au pale inapoleta uvimbe katika mikunjo yake, au kwa sababu nyingine chache za maradhi. Kwa ajili ya uzuri hauchangii. Angalia jinsi kipimo chao kilivyokaribiana na cha mafakihi! Lakini upana wa kuona hupimwa kwa kumkalisha mtu mbele ya chombo, vimulimuli vikatokea huku na huku, na kila akionapo kimoja abonyeze kitufe. Mwenye kukiona na akaacha kubonyeza amesema uongo kwa kidole chake. Nimearifiwa kwamba wapo wanaofundishana hivyo, na wapo wanaosema kuwa mali ya serikali isiyokuwa ya Kiislamu haina hisabu. Hasha! Umeingia katika nchi ya watu kwa ahadi, na ahadi ni deni, sawasawa uliyeahidiana naye ni Muislamu au si Muislamu. Ushahidi wa uongo mbele ya mpima macho ni ushahidi wa uongo, na fedha inayopatikana kwa huo ni ya kurudishwa. Naona afadhali kosa la binti anayelipa kwa mali yake kuliko la mwenye kujificha nyuma ya maradhi asiyokuwa nayo.

Tangu tarehe 1 Julai 2023 Bodi ya Madaktari ya Australia imewataka madaktari wanaopasua kwa ajili ya sura wasimkubali mtu ila kwa barua ya daktari, ikiwezekana yule wake wa kawaida, waonane naye si chini ya mara mbili, na baada ya kuridhia kwake zipite siku 7 kabla ya kupanga tarehe au kupokea fedha. Kwa aliye chini ya miaka 18 muhula ni miezi mitatu. Mume anayemshurutisha mkewe aende kukatwa, naye mke hataki, hana haki hiyo, kwani utiifu wa mke haukufika kwenye kukatwa ngozi yake.

Na aliye na haja ya kweli asidharau hatari zake. Jicho huenda likakauka, au kope likakosa kufunga barabara kwa kukatwa ngozi nyingi, au macho mawili yasilingane. Kwa nadra damu huvuja nyuma ya jicho. Maumivu makali, jicho kutokeza nje au kuona kufifia si mambo ya kungojea asubuhi, bali ni ya kupiga simu 000 papo hapo, kwani saa chache zinaweza kuondoka na uoni. Amwambie daktari kabla ikiwa anatumia aspirini au dawa nyingine za kuifanya damu iwe nyepesi, au ana maradhi ya tezi la shingoni. Na anayefuata bei rahisi katika nchi za mbali, kisha akapanda ndege na kidonda kibichi, ajiulize nani atamwangalia likitokea la kutokea.

Baada ya operesheni madaktari huzuia kuinamisha kichwa kwa siku kadhaa, na huagiza kidonda kisilowe. Basi mgonjwa atasali, arukuu na kusujudu kwa ishara, na ishara ya sijda iwe chini zaidi kuliko ya rukuu. Viungo vilivyo salama ataviosha, na pale ambapo maji yatamdhuru hakulazimishwa kupatia maji. Sala yenyewe haimwondokei yeyote, awe amepasuliwa kwa haja au kwa matamanio.